Uniti Sifuri Nukta Nane

Banda la Bi Sikudhani, Tandale kwa Mtogole:
bati juu, turubai ubavuni,
benchi za mbao zilizowahi kushika zege.
Kiingilio mia tatu, ukisimama mia mbili.
Usiku huu anaonyesha ya angani.

Pazi ndiye mtafsiri. Kipaza sauti chake
kimefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli.
Jina la yule mwanamke lilimkwama mdomoni,
akambatiza Mwanahawa, sote tukakubali.
"Mwanahawa ni fundi," anasema,
"katumwa kukaza nati moja tu.
Nati moja, jamani! Ingekuwa Gerezani
angeshalipwa, yuko zake nyumbani."
Tunacheka.
Halafu chuma kinapita,
kasi, kimya, hakina hata mlio,
na kamba inakatika.

Anabingirika.
Dunia inampita usoni, giza, dunia, giza.
"Kule juu hakuna juu," Pazi anasema polepole,
"na chini pia wameisahau kuiweka."
Kwenye kioo cha kofia yake, namba nyekundu:
hewa, asilimia kumi na moja.

Mimi kazi yangu ni hewa.
Nasukuma mitungi Mwananyamala,
ile myeusi yenye mabega meupe.
Najua mtungi ukikaribia kwisha haupigi kelele.
Sindano hulala tu upande wa kushoto
kama mtu aliyeamua kutobishana.
Kwa hiyo wenzangu wanapopiga kelele, "Ogelea! Ogelea!"
mimi namwambia moyoni: nyamaza, dada,
pumua kwa pua, hesabu, usililie hewa kwa hewa.

Ndipo nikaisikia ile nyingine.
Ti. Ti. Ti.
Luku, ukutani, nyuma ya koti la mtu.
Sifuri nukta nane.

Nikawa na namba mbili za kuangalia.
Yeye asilimia saba, sisi nukta sita.
Yeye nne. Sisi nukta mbili.
Ameuona mlango wa chombo. Ananyoosha mkono,
vidole vya glovu vinene kama vya mtoto mchanga,
vinagusa mpini, vinateleza

na giza likaingia kama mtu mwenye funguo.

Kipaza sauti nacho kilikufa.
Ikabaki sauti ya Pazi yenyewe, nyembamba,
kumbe ina mafua.
"Msitoke. Mmemwona akifa?"
Hakuna aliyejibu.
"Basi hajafa. Kaeni."

Kofia ikapita kwenye benchi: mia, mia mbili,
sarafu zenye jasho la viganja.
Shomvi, mpwa wa Bi Sikudhani, akanunua kwa simu,
mtandao ukazunguka, ukazunguka,
na Pazi hakumwachia yule mwanamke aanguke.
"Kakosa mpini. Lakini buti, jamani, buti limenasa waya."
Tukashusha pumzi. Kisha tukaibana tena
tusije tukaimaliza.

Namba ishirini zikafika.
Shomvi anasoma, mimi nabonyeza kwa tochi.
"Nne, saba, sifuri..."
"Anajivuta kwa waya..."
"Sita, sita, moja..."
"Mkono wa kushoto haumsikii..."
Nikakosea. Mashine ikakataa.
"Kateleza," akasema Pazi, bila hasira,
"anaanza upya."
Nikaanza upya.

Taa iliporudi tulifumba macho.
Filamu nayo ilikuwa imerudi mwanzo:
Mwanahawa yuko kazini, anakaza nati,
anacheka na mwenzake redioni.
Pazi alishika kipaza sauti, akashindwa kusema.
Kijana mmoja nyuma, kwa sauti ndogo:
"Mwambieni aangalie nyuma."

Niliondoka kabla chuma hakijapita.
Zamu yangu ni ya saa nne.
Wadi ya watoto, kitanda cha tisa, mtungi mpya.
Nikafungua koki taratibu, robo mzunguko,
nikainamisha sikio mpaka nikaisikia,
sss,
ile sauti ambayo kule hawana.