Kiti cha Jikoni

Jumanne, darasa la baleti Khuweri,
mwalimu mtoto wa juzi
ananinyoosha goti kwa ncha ya kidole.
Siku sita zilizobaki, hapa Mabela,
mwalimu ni simu
imeegemea dele la kahawa.

Nashika kiti. Nakunja, nanyoosha,
kisigino kwa kisigino,
miaka hamsini na miwili ikilalama nyongani.
Kiyoyozi kinanihesabia:
moja, mbili, kikohozi.
Video inakwama
mguu wangu uko hewani.

"Bibi Thuweba, kitu gani hukifikii?"
Mjukuu mlangoni, vidole vyekundu vya chipsi,
keshavuta kigoda anisaidie.

Simjibu. Pumzi ni ya kusimamia tu.
Mashavu ya miguu yanawaka,
duara la simu linazunguka, linazunguka,

kisha picha inaamka,
inanikuta palepale.