Maswali ya Gudrun

Hakuja na ramani.
Alikuja na penseli nyuma ya sikio,
akavua buti zenye theluji mlangoni,
akaketi jikoni mwa nyumba yetu ya kupanga
akauliza: Nani huamka kwanza?
Mkigombana, nani hutoka nje, na kwa mlango upi?
Kahawa ya asubuhi mnainywa mkitazama nini?
Mume wangu akacheka. Mimi nikajibu yote,
na mengine ambayo hakuuliza.

Hapa Torvik, kaskazini mwa Minnesota,
ardhi huganda futi tano kwenda chini,
na msingi usiofika huko husukumwa juu kama jino bovu.
Kila mtu anaijua asili yake:
binti wa Anders Rustad, mjenzi wa maghala ya ngano,
aliyekua akinyoosha misumari iliyopinda,
kopo zima kwa senti kumi,
baba akimwambia, ukiunyoosha vizuri husahau.
Uongo, asema Gudrun. Haisahau. Hupinda palepale.
Ndiyo maana hununua mipya.

Nyumba yetu ilichukua miezi kumi na mmoja.
Tulikubaliana saba.
Kuna siku tatu alipotea, vibarua wakacheza karata;
kumbe yuko kwa Lindquist, aliyekatwa mguu,
anamtengenezea njia ya kiti cha magurudumu
kwa mbao zetu.
"Nitazilipa."
Hakulipa. Wala hatukudai.

Alhamisi usiku ni zamu yake ya zimamoto:
huenda akaamshwa kuzima alichokijenga mwenyewe.
Jumamosi ni wanafunzi wa sekondari,
wasichana wanne na mvulana mmoja, Emmett, mwenye kigugumizi,
ila mbele ya timazi ulimi humfunguka.
"Imepinda," humwambia yeyote,
na kweli huwa imepinda.

Wasiompenda wapo.
Alikataa kutia sahihi kwamba paa la ukumbi wa mji
litahimili theluji, wakamwita mkaidi, wakatafuta sahihi nyingine.
Februari paa likalala chini.
Wa kwanza kufika na koleo alikuwa yeye,
na hakusema neno, jambo lililowaudhi zaidi.

Tulipohamia nilimpelekea mkate.
Kinyozi hajinyoi: ngazi zake hazina pa kushika,
na dirisha la ghorofani, la chumba alichokuwa akilala Pål,
limefunikwa plastiki mwaka wa tisa sasa.
Akakata mkate. Kwa mazoea tu akapima kizingiti
alichokwisha kukipima mara mia.

Nikamuuliza: Nani huamka kwanza?

Futikamba ikarudi ndani ya kasha lake, pa!
"Mimi," akasema. "Na taa nazima mimi."
Huko juu plastiki ikavuta pumzi,
ikaishikilia,
ikaitoa.