Kabla ya Kisu

Mizani ya hospitali, hapa Łódź, haisemi uongo
wala haina adabu:
kilo mia moja thelathini na nane.
Muuguzi aliitamka kwa sauti ya kutangaza kituo,
kama mimi nitangazavyo kwenye tramu yangu.

Wameshanichota damu. Wamenipitisha mpira kooni
wakalichungulia tumbo kama fundi wa mabomba.
Nimelala na nyaya kichwani,
mashine ikihesabu mara ninazosahau kupumua.
Hayo niliyaweza.

Kisha Daktari Wiesława, asiyeshika kisu wala sindano,
akauliza: "Bi Bożena, unakula saa ngapi?"
Nikamtajia asubuhi, mchana, jioni.
Akangoja.
Theluji ikazidi kujaa dirishani.
"Saa nane usiku," nikasema. "Nimesimama.
Taa ni ya friji."

"Na nani alikufunza kumaliza sahani?"

Bibi.
Bibi aliyeficha maganda ya mkate
chini ya godoro hadi siku ya kufa kwake,
ingawa vita vilikwisha zamani
na duka la mikate lilikuwa ghorofa ya chini.
Kijiko cha mwisho, alisema, ni cha wasiorudi.

Tumbo watalikata, libaki kama ndizi.
Bibi je, watamkatia wapi?

Hakutia sahihi. "Rudi Machi, tuzungumze tena."
Nilikasirika vituo vinne.
Cha tano nikashuka, si chetu,
nikatembea.

Usiku ule niliacha ganda moja sahanini.
Likanikodolea.
Nikazima taa.
Gizani nikawa bado nalisikia.