Dai la Nne

Jalada lilikuja na kitu kimefungwa kwenye gazeti,
kinyume cha utaratibu. Huletwa michoro tu.
Nilipofungua, bomba la alumini, urefu wa mwiko,
likadaka mkasi wangu, pini, na ufunguo wa kufuli ya nyumbani,
likakataa kuviachia.

Mwombaji: Ezironi Ngwilizi, fundi wa mashine za fotokopi,
Mtaa wa Narung'ombe, ubavuni mwa duka la vitenge.
Jina la uvumbuzi, kwa mwandiko wa kulala:
"Rola ya sumaku isiyosusa wakati wa masika."

Nilitabasamu. Kisha nikavaa miwani ya kazi.

Ndani, sumaku imetulia, haizunguki:
kaskazini, kusini, kaskazini,
kama wakwe walioketishwa kwa kupishana.
Gamba la nje ndilo linalozunguka,
na unga mweusi husimama juu yake, punje juu ya punje,
mpaka ubapa uukate,
kama muuza mchele anavyosawazisha pishi kwa kiganja.

Mkaguzi hakagui uzuri.
Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda;
mimi nalipwa kuuliza
kama kidonda hiki hakuna aliyekwisha kukiugua.

Dai la kwanza, mifereji kwenye gamba,
lilikufa kabla ya chai. Mjapani aliichonga
mwaka ambao mama yangu alikuwa darasa la tatu.
La pili likamfuata mwenzake.
La tatu nililionea huruma, nikalisoma mara mbili,
nikalipiga mstari.

Dai la nne: "Mifereji iwe na kina katikati,
ikaribie kwisha pembeni,
maana unyevu wa Dar huingilia pembeni, kama mwizi."

Nilizungushia "kama mwizi" penseli. Nikaanza kutafuta.
Nikatafuta kwa Wajerumani, kwa Wakorea,
kwenye majalada ambayo hata wenyewe wameyasahau.
Taa za ghorofa zikazimwa. Mlinzi akapanda mara mbili
kuuliza kama kuna mgonjwa.
Hakuna. Hakuna aliyeyafikiria masika.
Labda kwao hata mashine hulala kwenye kiyoyozi.

Lakini sheria inataka namba. Nikamwandikia:
"Mwombaji afafanue maneno 'unyevu mwingi'. Kiasi gani?"

Siku ya tisa likaja jibu, karatasi moja, nyeusi yake imekolea:
"Mheshimiwa Mkaguzi, ni unyevu ule
ambao ukitikisa kichupa cha chumvi, chumvi haitoki.
Siku hizo watu huja na vyeti vya kuzaliwa,
karatasi za mirathi, barua za rufaa za hospitali,
na mashine huwatolea nakala yenye ukanda mweupe pembeni,
palipokuwa na jina la baba."

Palipokuwa na jina la baba.
Nilitoka nje kidogo.

Aprili nzima niliweka kichupa mezani,
na kipimo cha unyevu nilichoazima kwa shemeji yangu Ubungo.
Themanini na nne, inamiminika.
Themanini na tisa, inatoka kwa kunung'unika.
Jumanne ile Jangwani ilipofungwa kwa maji,
tisini na mbili. Nilitikisa mpaka mkono ukachoka.

Basi namba ninayo, na siruhusiwi kumpa.
Mkaguzi hamwandikii mwombaji dai lake.
Nikaandika, nikafuta, nikaandika:
"Madai 1 hadi 3 yamekataliwa kwa kukosa upya.
Kuhusu dai la 4, mwombaji anashauriwa
kununua kipimo, na kukiweka karibu na kichupa chake."

Nikaifunga rola kwenye gazeti lile lile,
tarishi akaondoka nayo chini ya koti la mvua.

Saa mbili usiku, mlangoni kwangu Sinza, nimelowa,
nimepekua mkoba mpaka kwenye bitana.
Mkasi upo. Pini zipo.

Kesho ataniletea, namjua bila kumwona,
atafika mapokezi na ufunguo mkononi,
na wataniuliza kwa simu ni nani kwangu,
nami itabidi niseme: mwombaji.