Daftari la Wageni, Ghala la Asali, Ipole

Bwana Msabila alinipa daftari, kalamu ya kufungwa kamba,
rungu, na balbu moja juu ya geti.
“Kila aingiaye, mwandike,” alisema. “Kila.”
Hakusema awe na miguu mingapi.

Novemba. Mvua ya kwanza imeshapiga miyombo,
udongo unanukia kama chungu kipya.
Barabara ya Sikonge ni tope, watu hawaji.
Balbu ikawaita wale inaowajua.

Jina: Dundu. Atokako: zizi la Lugusha.
Mzigo: mavi, duara, kubwa kumpita mwenyewe.
Aliusukuma kinyumenyume,
kama mtu anayeaga na hataki kuondoka.
Nilimfungulia.

Jina: Vunjajungu.
Alisimama juu ya kufuli, mikono kifuani,
akageuza shingo kunitazama.
Kati ya wageni wote wa usiku ule, yeye ndiye aliyenitazama.
Sikumgusa. Nina sufuria moja tu.

Jina: Kumbikumbi. Idadi: nilianza kuhesabu.
Sababu ya kuja: harusi.
Waliacha mabawa kizingitini kama viatu mlangoni mwa msikiti.
Saa ya kutoka: wengine hawakutoka.
Chumvi kidogo, moto mdogo.

Kalunde, mjukuu wangu, yuko darasa la tano.
Aliniletea ugali, akasoma kurasa zangu, akacheka.
“Babu, umeandika nondo, nondo, nondo.
Huyu ana macho mabawani. Huyu ni gome la mninga kabisa.
Huyu mweupe amejifunga manyoya shingoni, anaona baridi.
Nondo gani?”
Miaka sitini na moja
nimewafagia wote kwa neno moja na ufagio mmoja.

Halafu akahesabu miguu.
Mwalimu wao kasema sita, basi.
Buibui nikamhamishia ndani ya jalada la nyuma,
yeye na tandu na ng’e,
chini ya kichwa cha habari: Wanaosubiri Uamuzi.

Wasio na jina niliwaandika kwa matendo yao.
Anayejirusha “tak!” akilazwa chali.
Mwenye pembe, hana ugomvi.
Kijani cha chupa iliyovunjika.
Aimbaye ndani ya ukuta, akinyamaza nikisogea.

Dumuzi aliingia ndani ya gunia langu la mahindi, bila hodi.
Mama yangu alimwita Skania
kwa vile alivyobeba ghala zima tukabaki na unga wa vumbi.
Huyu simpendi.
Nimemwandika kwa herufi zilezile.

Saa tisa usiku, Siafu.
Hawakusimama getini. Mimi ndiye niliyepanda mezani,
daftari kichwani, rungu chini likipitwa
kama kijiti tu njiani.

Na alfajiri, kabla ya jogoo wa Lugusha,
Nyuki. Mmoja.
Akazunguka tundu la ufunguo, akarudi, akazunguka.
Mle ndani kuna ndoo mia mbili na kumi.
Nilikaa na kalamu muda mrefu kwenye safu ya sababu,
mwishowe nikaandika: Kufuatilia mali.
Nikajiuliza nimewekwa hapa kumzuia mwizi yupi.

Asubuhi Bwana Msabila akafungua, kidole kikishuka.
“Mzee, daftari hili linanunuliwa kwa pesa.”
Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine.
Alipofika kwa Nyuki alikohoa, hakusema kitu.
“Na huyu wa saa saba na nusu? Mbona mstari mtupu?”

Nikamweleza. Alitua hapo hapo, juu ya karatasi,
mwembamba kama unywele wa kope,
rangi ya asali ukiiinua kwenye jua.
Akatembea kutoka safu hadi safu, taratibu,
jina, atokako, saa, sababu,
akasimama kidogo penye sahihi.
Nilipopata miwani yangu alikuwa ameshakwenda.

Uache hivyo hivyo, bwana.
Usiandike juu yake.