Mkia wa Herufi Mbili

Barua niliiandika kwa mkono, kalamu ya bluu,
nikaipeleka Igogo, kiwanda cha minofu,
nikaikabidhi getini kabla jua halijachomoza:
*I hardly work, day and night.*
Nilitaka kusema nachapa kazi usiku na mchana.
Kumbe nimesema kazi naigusa kwa nadra,
usiku na mchana.

Bwana wa ajira alicheka mpaka akavua miwani.
Akaita ofisi nzima.
Nikacheka nao, maana sikujua.

Sasa kila Jumanne na Alhamisi napanda ngazi za Mabatini,
kati ya mawe makubwa kuliko nyumba zilizoyaegemea,
mpaka chumba cha kupanga chenye taa moja
na ubao uliokuwa zamani mlango wa kabati.
Mwalimu Nyanjige mchana anapima dagaa Mwaloni.
Jioni chaki inanukia dagaa.

"Kitenzi ni samaki," anasema.
"Sawa, samaki. Lakini wa kilo ngapi?
Kavuliwa lini? Wapi? Kavuliwaje?
Mnunuzi asiyeuliza hayo anarudi nyumbani na uvundo.
Kielezi ndiyo majibu yake."

Akaandika *slow*, akaiunga mkia: *slowly*.
*Quick*, *quickly*. Herufi mbili tu,
na neno likaacha kumsifu mtu
likaanza kusifu alichofanya.
Tukadhani tumemaliza. Tukaunga mikia kila kitu.
Masalu, fundi pikipiki wa Igoma,
akasema yeye huendesha *fastly*.
Mwalimu akafuta ubao kwa kiganja.
"*Fast* haina mkia. Ni kama chura,
na anaruka vilevile.
Na *hard*, ole wako ukiipa mkia:
inakugeuka."

Nikajiinamia kwenye daftari.
Darasani hakuna aliyejua habari za barua yangu,
ila masikio yangu yalipata moto kama sufuria.

Nikishuka usiku ngazi zilezile nawaza:
sisi hatukupewa mkia. Tulipewa sauti.
Mtoto kalala fofofo.
Duka la Mpemba limefungwa ndi.
Kivuko cha Kamanga kimejaa pomoni,
shati la nahodha jeupe pe.
Kitu kimetumbukia ziwani: chubwi.
Ukiniambia nitafsiri chubwi
nitaokota jiwe jingine.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya *late*.
*He came late*, alichelewa kufika.
*Lately*, siku hizi.
Mkia tena, na maana imehama nyumba.
Nikanyosha mkono nikauliza
kuhusu fomu ya mafao iliyoko chini ya godoro la mama,
palipoandikwa *the late* kabla ya jina la baba.
Baba alikata tiketi bandarini miaka ishirini na sita.
Saa yake aliitanguliza dakika tano,
tukamcheka kwa hilo.
Huyo ndiye mnamwita mchelewaji?

Masalu aliacha kutafuna kalamu.
Mwalimu akaiweka chaki chini.
"Hicho ni kivumishi, Holo," akasema kwa upole.
"Siyo somo la leo."

*Kwa upole.* Nilikiandika pembeni mwa ukurasa,
kielezi cha namna, maneno mawili,
nikakipigia mstari. Kingine sikuandika jioni ile.

Kesho napeleka barua mpya. Igogo ileile, geti lilelile.
*I work hard.* Maneno matatu, la mwisho chura.
Nimeyaandika polepole,
neno ambalo ukilitamka nusu
linabaki rambirambi.

Na bwana wa ajira akicheka tena
safari hii nitamsubiri amalize,
nimuulize anacheka vipi.