Jina Nililompa Mihayo

Mimi ndiye niliyemwita Jabali.
Ilikuwa Kirumba, dakika ya themanini na kitu,
mvua imekatika muda huohuo, nyasi zimelala,
akapangua mipira mitatu mfululizo
na mimi kwenye maikrofoni sauti ikanipasuka:
Jabali! Jabali la Mabatini!
Kesho yake wauza jezi walikuwa wameshachapa.

Mamake alimwita Mihayo,
na mihayo kwa Kisukuma ni maneno.
Sikulifikiria hilo wakati ule.

Jumamosi mpira ulimponyoka.
Mpira mwepesi, wa kubembeleza,
wa kudakwa na mtoto mwenye andazi mkono mmoja.
Ukapita katikati ya magoti
kama bata anayerudi bandani.
Tuliurudia mara arobaini na moja kabla ya taarifa ya habari,
polepole, kisha polepole zaidi,
tukamchorea duara jekundu kwenye viganja.

Jumapili nilipanda Mabatini kwa miguu,
kupita mawe na ndoo na povu linalotiririka.
Mamake alikuwa anachambua dagaa.
Nikamsogezea kinasa sauti: "Unajisikiaje, mama?"
Akanitazama kama mtu anayeulizwa bei ya kitu asichouza.
Mlangoni kijana fulani alikuwa ametundika mkeka wake uliochanika,
ameandika juu yake kwa kalamu: NILIPE.
Diwani aliyeahidi bati hakupokea simu.
Wa bodaboda akasema, jabali gani hili, hii chokaa.
Nikaiandika hiyo.
Ilikuwa sentensi nzuri.

Jumatatu alfajiri nikamfuata hadi Mwaloni.
Kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi.
Boti ya Ukerewe imefunga, inashusha machungwa,
mama mmoja juu ya shehena, khanga kiunoni,
anarusha, na wapokeaji hawatoshi.
Hakumuuliza jina.
"Wewe mrefu, simama hapa."
Akasimama.

Chungwa. Chungwa. Mawili kwa pamoja.
Moja la juu kulia, lile la kona kabisa,
akalirukia, akalichota kwa ncha za vidole,
akalitia tengani bila kutazama.
Hakuna aliyepiga kelele.
Nilijikuta nahesabu, ugonjwa wa kazi,
nikaacha kwenye sitini.
Kinasa sauti kilikuwa mfukoni, taa yake imezimika,
au niliizima mimi, sikumbuki.

Kule mbele yale mawe ya ziwani
tunayoyapiga picha za kalenda
yalikuwa meupe kwa mavi ya mnandi.

Kisha moja likamponyoka.
Likadunda ubaoni, likabiringika hadi topeni.
Akaganda. Niliyaona mabega yakipanda,
yakisubiri kitu: filimbi, uwanja,
mimi.

Mama hata hakuacha kurusha.
"Hilo limepasuka," alisema.
"La kwako. Kula."